Ketrina Mwampashi, Aliyezuia Mkanda Usiwashwe

Wapendwa mliokuja kutufariji, kwa niaba ya familia ya mzee Gwalugano Mwampashi tunawasomea maisha ya binti yetu, mhandisi Ketrina, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Ibaba, wilayani Ileje, mtoto wa tatu wa mzee Gwalugano na mama Tumpe.

Alianza darasa la kwanza Ibaba mwaka 1982, akasoma sekondari Mbeya, na mwaka 1996 akaenda Dar es Salaam kusomea uhandisi wa kompyuta, wakati wengi wetu hatujaiona kompyuta hata kwa picha, na alipohitimu mwaka 2000 akarudi kufanya kazi katika kiwanda cha kukoboa kahawa, Ruanda, wilayani Mbozi.

Tarehe 6 Septemba 2003 alifunga ndoa na mwalimu Jonasi, wakajenga hapa Chapwa, Mungu akawajalia Fides na Balthazar.

Pale kiwandani alisimamia programu iliyoongoza mitambo, ambamo kazi za kompyuta zinazohusu hatari, kama kusimamisha mkanda unaosafirisha kahawa mtu akibonyeza kitufe cha dharura, zilipita njia ya haraka, na kazi nyingine zilisubiriana katika njia ya kawaida. Julai 2009 mkono wa mfanyakazi mwenzake, ndugu Zabron Makene, ulinaswa kwenye mkanda, kitufe kikabonyezwa, mkanda ukachelewa kusimama, akavunjika vidole. Mafundi walibadilisha kitufe wakidhani ndicho kibovu, meneja akataka mitambo iwashwe kwa kuwa kahawa ilikuwa imerundikana uani, lakini Ketrina alisimama mbele ya swichi kuu, akamwambia, "Bosi, ukitaka nifukuze kazi, ila hii haiwashwi mpaka nijue imechelewea wapi."

Wakulima walimnung'unikia, jambo lililomuuma, maana shangazi zake walikuwa miongoni mwao, hata hivyo akakaa akatengeneza programu ndogo ya kuchungulia kila kazi na kupiga kengele kazi ya haraka inapoiacha njia yake, ndipo ikaonekana kwamba kazi ya kusimamisha mkanda ilikuwa ikitoka kwanza kwenda kuandika ujumbe kwenye skrini ya ofisini, na huko ikapanga foleni na nyingine. Akazitenganisha, akaujaribu mkanda kwa magunia matupu hadi meneja mwenyewe akasema, "Basi mama, tumeridhika."

Msimu wa 2011 kitenge cha dada Ferista, ambaye tunaye hapa, kilinaswa na mkanda uleule, mwenzake akabonyeza, ukasimama palepale, Ferista akabaki anacheka huku analia.

Mwaka 2014 Ketrina aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa Mbeya, na Jumapili tarehe 11 Oktoba 2015 akafariki nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa Jonasi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Chapwa waliotupikia, wafanyakazi wenzake waliofunga kiwanda leo ili wamsindikize, na ndugu Zabron, aliyeomba awe miongoni mwa wabeba jeneza, na tumemkubalia.

Pumzika, Ketrina wetu, amani ya Bwana ikufunike.