Galaksi Iliyosogea Karibu

Benchi lile liko nje ya duka la kinyozi, limeegemea ukuta chini ya dirisha, na mguu wake mmoja umeinuliwa kwa kipande cha tofali. Jua likipoa na Mama Kahawa akitua birika lake hapo, basi bunge limefunguliwa. Mwenye duka wanamwita Baba Galaksi, na jina hilo hakupewa bure. Binti yake anasomea nyota chuo kikuu, huko mbali, na tangu alipopiga simu kusema amepima galaksi ya mbali kuliko zote zilizowahi kupimwa pale chuoni, mzee hakulala wala hakulaza watu. Alifuta jina la duka akaandikisha jipya kwa rangi ya bluu: KINYOZI GALAKSI YA MBALI. Ukija kunyolewa ndevu, unaondoka na somo juu yake. Lakini jioni hiyo alitoka na taulo begani, akakaa pembeni bila somo lolote.

— Leo umenyolewa wewe? akauliza Wakili.

Huyu hajawahi kuingia mahakamani. Walimbandika jina kwa sababu hakubali kushindwa hata na saa ya ukutani.

Baba Galaksi alitaka kusingizia kichwa kinamuuma. Akatazama juu, akaziona zile herufi za bluu zinamtazama. Akaona bora aseme mwenyewe kabla hajasemewa.

— Ile galaksi si ya mbali.

— Imekuwaje tena?

— Iko karibu. Si karibu ya kwenda kwa miguu. Karibu kuliko alivyosema.

Akawaeleza kama alivyoelezwa. Mwanga wa galaksi ukipitishwa kwenye chombo unachanuka rangi rangi, na gesi iliyopata moto inaacha mstari unaong'aa. Kila gesi ina mahali pake. Sasa, kwa kuwa anga linatanuka, mwanga uliosafiri sana mistari yake inasogea kuelekea kwenye wekundu, na kadiri ilivyosogea ndivyo unavyojua galaksi iko mbali kiasi gani. Ila lazima kwanza ujue mstari ni wa gesi gani. Binti aliona mstari mmoja tu, akadhani ni wa haidrojeni uliosogea sana. Wamerudia kwa chombo kikali zaidi, kumbe ule mstari mmoja ni miwili iliyobanana. Mistari pacha namna ile ni ya oksijeni, nayo haikusogea sana hivyo.

— Hiyo mbona naijua, akasema Breki, aliyeendesha malori mpaka mgongo ukagoma. — Usiku ukiona taa moja mbele yako, hujui kama ni pikipiki ya karibu au lori la mbali ambalo taa zake zimeungana. Subiri kidogo. Zikitengana zikawa mbili, umeshajua unakutana na nani.

Benchi zima likaitikia kwa vichwa, maana jambo lilikuwa limeingia akilini, na pale si kawaida. Breki angeishia hapo angeondoka na heshima yake.

— Na huo wekundu ni taa za nyuma. Galaksi ilikuwa inakwenda, ikakanyaga breki. Ndiyo maana haikufika mbali.

— Aliyekanyaga ni nani? Mama Kahawa akauliza huku akimimina.

— Si dereva wake, nani mwingine?

Mama Kahawa akatikisa kichwa. Yeye aliona tatizo ni uzee wa mwanga wenyewe: kitu kimekaa njiani tangu dunia haijawa dunia, utajuaje kilitoka na rangi gani? Hata kahawa ikirudishwa jikoni mara tatu, humjui tena aliyeichemsha.

Wakili alikuwa amesubiri zamu yake kwa shida. Yeye hakuona kosa la binti hata kidogo. Siku ya kwanza galaksi ilikuwa mbali kweli, na siku ya pili ilikuwa karibu kweli. Imehama.

— Imehamaje, galaksi nzima?

— Watu wanahama na kabati, sembuse hiyo inayoelea? Imesikia inatangazwa kwenye ukuta wa kinyozi, ikaona isogee isikie inasemwaje. Tukate rufaa. Oksijeni ije ijieleze kwa nini ilikaa kwenye kiti cha haidrojeni.

Wakacheka mpaka benchi likateleza kwenye tofali. Baba Galaksi naye alicheka, kwa mdomo tu. Moyoni alikuwa anafikiria rangi nyeupe ya kufutia ukuta, na mteja wa kesho, na namna watakavyomwangalia kwenye kioo.

Pembeni ya birika alikuwa amesimama muuguzi, mpangaji mpya wa chumba cha nyuma, bado na sare zake za kazini. Alikuwa amesikia yote, kikombe mkononi.

— Samahani, wazee wangu, akasema. — Na huyo binti mwenyewe, yuko vipi?

Breki akamtazama Wakili. Wakili akaangalia ndani ya kikombe chake. Wote wakamgeukia Baba Galaksi, naye akalitoa taulo begani akaanza kulikunja.

Asubuhi simu ilipoingia alikuwa katikati ya kidevu cha mtu. Binti alisema amesimama mbele ya wenzake wote akakiri kosa mwenyewe, sauti yake ikiwa chini. Na yeye, baba mtu, akamjibu, "Sasa mimi watu nitawaambia nini?" Mtoto akasema, "Nisamehe, baba," na simu ikakatika. Sasa ndipo aliposhikwa na haya ya kweli, si ile ya ukuta.

Akachomoa simu, akainuka aingie ndani.

— Pigia hapa hapa, akasema Wakili. — Ndani mtandao haushiki.

Ulikuwa uongo, na wote walijua. Akakaa, akapiga. Ikaita sana.

— Mwanangu, akasema, na hapo maneno yote aliyoyapanga yakamkimbia. — Umekula?

Mama Kahawa akalaza birika, likatoa tone la mwisho, wala hakuna aliyelalamika.

— Bado, baba.

— Basi nenda ule. Usikate. Mimi nakungoja hapa hapa.