Daktari Aliyefukuza Wagonjwa Wake

Na Mwanapili Boga, Muuguzi Msimamizi, Chumba cha Upasuaji

Dkt. Swabir Ngala alistaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka ishirini na saba ya kuwa daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mkwambani. Sherehe ya kumuaga ilifanyika alasiri hiyo hiyo uwanjani kwetu, chini ya hema la kukodi, kukiwa na pilau, keki ya ghorofa tatu na kiti kimoja kilichopambwa kwa vitambaa vya dhahabu. Kiti hicho kilibaki kitupu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana mhariri wa jarida letu ameniomba niuandike upya wasifu huu. Ule wa kwanza ulikuwa na adabu zaidi.

Mheshimiwa mstaafu alizaliwa Vanga, akasomea udaktari Nairobi, akabobea katika upasuaji, kisha akarudi pwani wakati wenzake walipokuwa wakitafuta kila njia ya kutorudi. Alikuta thieta moja ambayo taa yake ilififia kila jokofu la jikoni lilipowaka. Akaigeuza kuwa thieta ya kutajwa. Chukua mabusha. Anayeijua pwani hii anajua kwamba mabusha ni ugonjwa wetu, na kwamba wanaume huyaficha ndani ya kikoi miaka nenda miaka rudi. Dkt. Swabir aliyapasua kila wiki bila kukosa, hadi hospitali kubwa za Mombasa zikawa zinatuletea wagonjwa wao. Watu waliingia wakitembea upande upande, wakatoka wamenyooka. Alikuwa akisema busha likimtoka mkubwa yeyote Nairobi, nalo lipandishwe treni lije Mkwambani, maana huko hawalijui kama tunavyolijua sisi.

Ila saratani hakuigusa. Hapo ndipo palipoanzia maudhi yote ninayotaka kuyaeleza.

Mwanzoni aliigusa, na hakuwahi kuficha. Katika mwaka wake wa pili hapa alimpasua Mzee Amin, seremala wa Kibuyuni, aliyekuwa na saratani ya utumbo mpana. Upasuaji wa namna hiyo alikuwa ameufanya mara chache mno, na wauguzi aliokuwa nao hawakuwa wameuona kabisa. Mshono wa ndani ukavuja. Mzee Amin alilala wodini Ramadhani ikaingia na ikatoka, kisha akapelekwa Mombasa akapasuliwa upya. Familia yake ikauza shamba la minazi kulipia kazi ile ile mara mbili, na mzee mwenyewe hakuumaliza mwaka. Daktari aliisimulia habari hiyo katika kila mkutano wa wafanyakazi, hata ule ulioitishwa kuzungumzia maegesho ya pikipiki. Wageni walikuwa wakiinamisha vichwa. Sisi wenyeji tulikuwa tukiangalia saa.

Baada ya Mzee Amin akaanza kusoma majarida ya kitabibu na kutusomea sisi wakati wa chai, nayo chai ikipoa. Alichotaka tukielewe ni kitu kimoja. Pale ambapo upasuaji fulani wa saratani hufanywa kila mara, na daktari yule yule, mtaalamu wa usingizi yule yule na wauguzi walioizoea kazi, wagonjwa wengi zaidi hupona na wachache hurudishwa kwenye meza. Gharama nayo, ukijumlisha yote hadi mtu anaporudi nyumbani, mara nyingi huwa ndogo, hata kama risiti ya kwanza inatisha. Pale ambapo hufanywa mara moja kwa mwaka ili kila mtu apige picha, hali huwa kinyume.

Sasa mwambie hivyo mtu wa Kwale. Kwetu mgonjwa akilazwa, adhuhuri haijafika nusu ya kijiji kimeshawasili na sufuria za wali, thamosi za uji na mikeka. Mgonjwa asiye na watu wa kumtazama huhesabiwa ametupwa. Kwa hivyo Daktari alipowaambia jamaa wa mgonjwa waende Mombasa, walichosikia wao ni kwamba wamefukuzwa. Walitoka chumbani kwake wakaja kulia ofisini kwangu. Yeye alikuwa ameshaingia thieta, ananawa mikono, anapiga mluzi.

Na si kwamba alikuwa na haki kila mara. Alimpa barua ya rufaa ya Mombasa mfugaji mmoja wa upande wa Kinango, Mzee Rai, akamweleza vizuri, akamuombea dua. Mzee Rai aliikunja ile barua, akaitia mfukoni, akarudi kwa ng'ombe wake. Habari iliyotufikia baadaye ilikuwa ya msiba. Wiki ile nilimwambia Daktari, kwa sauti iliyosikika hadi kwenye foleni ya maabara, kwamba mikono mizuri ya Mombasa haimfai kitu mtu ambaye hakufika Mombasa. Siku hiyo aliingia thieta bila kupiga mluzi.

Jibu lilikuja baada ya miezi, nalo likawa gari la Jumanne. Gari letu la zamani, lile linalopiga kelele likipanda kilima, likawa linaondoka kila Jumanne na wagonjwa wa saratani, kila mmoja na jamaa zake wawili. Daktari alikubaliana na madaktari wa huko kwamba wao wapasue, kisha wagonjwa warudi kwetu kuoshwa vidonda, kupewa dawa na kujengwa nguvu karibu na sufuria zao. Lilikuwa wazo zuri, nakiri. Pia lilininyang'anya muuguzi kila Jumanne, miaka yote, na nilipolalamika aliniletea visheti vya mkewe, Bi Yusra. Mwenyekiti wa Bodi yetu, Bwana Sanga, naye alikuwa akilalamika kwamba fedha za hospitali zinavuka feri kwenda Mombasa mchana kweupe. Hata barabara ya Dongo Kundu ilipofunguliwa na gari likaacha kupanda feri, fedha katika hotuba zake ziliendelea kuvuka.

Lililotuchosha zaidi ni swali. Daktari aliwafundisha wagonjwa wamuulize kila mpasuaji atakayesimama mbele yao: "Daktari, kazi hii umeshaifanya mara ngapi?" Aliwafanyisha mazoezi ya kulitamka. Wazee wanaoona haya hata kuuliza choo kiko wapi wakawa wanawahoji mabingwa. Bingwa mmoja mgeni aliulizwa na mama wa Matuga akiwa ameshavaa glavu, akaja kunishitakia mimi kana kwamba swali nimelitunga mimi.

Basi Bodi ikataka kumuenzi mtu huyu. Ikajenga thieta mpya kwa msaada wa wafadhili, ikachongesha kibao cha marumaru, ikakifunika kitambaa cha kijani. Kibao kilisema: Kituo cha Upasuaji wa Saratani cha Dkt. Swabir Ngala. Ndiyo, msomaji, umesoma sawasawa. Mtu aliyetumia robo karne akikataa kupasua saratani hapa alitunukiwa mahali pa kuipasulia. Ilipangwa pia kwamba asubuhi ya siku yake ya kustaafu akifungue kituo kwa upasuaji wa kwanza, kisha alasiri tule keki. Katika Bodi hiyo wamo watu waliokaa naye mikutanoni miaka na miaka. Sijui walikuwa wakisikiliza nini.

Mgonjwa aliyechaguliwa alikuwa Bi Mbodze, mama mfuga mbuzi kutoka bara ya Kinango. Saratani yake ilikuwa ya utumbo mpana, sawa na ya Mzee Amin, lakini ilionekana mapema. Ikikutana na mikono iliyozoea ingetoka yote. Mshono ukivuja, yangekuwa yale yale. Bi Mbodze mwenyewe alifurahi kupita kiasi kusikia atapasuliwa hapa hapa. Wanawe na wakaza wanawe walikuwa wameshatandika mikeka nje ya wodi. Mombasa hakuitaka hata kuisikia, akisema akifa huko nani atamfumba macho.

Daktari aliambiwa habari hizi siku ya mwisho kabla ya sherehe, kama zawadi ya kushtukiza. Alishtuka kweli. Alikataa pale pale. Bwana Sanga, ambaye alikuwa ameshaalika wapiga picha, akamgeukia Dkt. Caroline Mwero, mpasuaji wetu mpya, akamwomba aokoe jahazi. Tukaenda sote wodini kumjulisha mgonjwa. Bi Mbodze akamtazama Dkt. Caroline kwa upole na kuuliza, "Mwanangu, na wewe kazi hii umeshaifanya mara ngapi?"

Dkt. Caroline angeweza kuzungukazunguka. Alisema, "Nimesaidia, bibi. Kuifanya mwenyewe, bado." Bwana Sanga akakohoa. Mama akamgeukia Dkt. Swabir, akamuuliza na yeye, naye akasema tangu Mzee Amin hajaifanya tena. Bi Mbodze akaivuta leso yake mabegani. Kisha akasema, "Kwa hivyo ni wewe unayenifukuza. Haya. Ukinifukuza, tufukuzwe sote. Gari silipandi bila wewe."

Kitanda Mombasa kilikuwapo kwa siku moja tu, na siku hiyo ilikuwa tarehe 30.

Hivyo ndivyo tulivyoketi hemani tukihutubia kiti. Bwana Sanga alikisifu kiti kwa unyenyekevu wake. Kwaya ya wauguzi ilikiimbia. Mimi nilikuwa nimeshona gauni jipya na kukariri hotuba yangu mbele ya kioo, nami nilikisomea kiti hotuba hiyo yote, nikikitumbulia macho. Bi Yusra alikula keki taratibu na kutuambia tusijisumbue, kwani hata nikaha ya binti yao mumewe aliifikia imeshafungwa, kwa ajili ya busha la mtu. Simu ilipopigwa kutoka Mombasa, Daktari alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya thieta na watoto wa Bi Mbodze, wakila wali kutoka sufuria moja. Alisema mama ameingia, na waliompokea hufanya kazi hiyo kila wiki. Kisha akaniuliza kama pilau ilitosha. Nilikata simu. Nilikuwa nimekasirika, na sitawadanganya wasomaji: bado nimekasirika.

Bi Mbodze alirudi kwetu kwa gari la Jumanne. Uvimbe ulitoka wote, mshono ulishika, na hakuhitaji kufungwa mfuko wa choo ubavuni. Siku hizi uwanja wa hospitali umejaa jamaa zake, na moshi wa majiko yao unaingia ofisini kwangu. Nilipokwenda kumuosha kidonda mara ya kwanza alinizuia mkono, akaniuliza kazi hii nimeshaifanya mara ngapi. Nilimwambia ni mara nyingi mno, hata sikumbuki. Akajilaza, akaniachia.

Kibao cha marumaru bado kimefunikwa. Dkt. Caroline ameiomba Bodi jengo liwe la mabusha, henia na akina mama wanaojifungua kwa upasuaji, kazi tunazozifanya kila siku, na chumba kimoja kiwe cha wagonjwa wanaorudi kutoka Mombasa. Bwana Sanga amekubali kwa shingo upande, na fundi ameitwa kuyaondoa maneno "wa Saratani" kwenye jiwe. Dkt. Caroline mwenyewe sasa hupanda gari la Jumanne, akasimame na wapasuaji wa huko hadi mikono yake izoee. Maana yake ni kwamba Jumanne nitapungukiwa na watu wawili badala ya mmoja.

Daktari ameniambia anahamia Kibuyuni kulima mwani. Nimemuuliza mwani ameshaupanda mara ngapi. Hata mara moja. Basi kwa kanuni yako mwenyewe, Daktari, waachie akina mama wa Kibuyuni waufunge mwani kambani, wewe wabebee magunia.

Sisi wa Mkwambani tunakushukuru kwa kila aliyenyooka mikononi mwako na kwa kila uliyekataa kumgusa. Tutakukosa, nami nitakukosa kuliko ninavyopenda kukiri. Mungu akupe umri wenye afya na usingizi usiokatizwa. Mama Mbodze anaruhusiwa Alhamisi. Wanawe wanachinja mbuzi, na ametuagiza tumwambie "yule aliyenifukuza" kwamba amewekewa kiti nyumbani kwake. Nenda, Daktari. Na safari hii, tafadhali, kikalie.