Mwandiko Wangu Kwenye Kitabu cha Baba

Bwana Vernon Oglesby, msimamizi wa mafundi. Viongozi wa chama cha mafundi mlioketi meza ya mbele. Mafundi umeme wenye leseni, na ninyi ambao bado mnaitafuta. Mama yangu, Ofelia. Akina mama mlioleta tamale za mahindi, na ninyi mlioleta viazi vya jibini ilhali theluji imefunga njia: nawasalimu wote kwa heshima.

Kabla sijamsifu mtu yeyote, nina jambo ambalo sijamwambia mama, wala padre, wala rafiki. Baba yangu, Anselmo Barrientos, tunayemuaga leo, hakufeli mtihani wa leseni. Nilimfelisha mimi.

Naona Bwana Oglesby ananitazama. Samahani, bwana. Uliponipigia simu ulisema, "Binti, wewe ndiye uliyesoma lugha mbili. Dakika tano tu. Wachekeshe kidogo, walize kidogo, ukae." Nikakubali, kwa sababu ili ukatae ni lazima uongee. Wanaonijua shuleni watawaambia: mwaka huu nimenyoosha mkono darasani mara mbili, na mara moja nilikuwa najikuna.

Baba hayupo ukumbini, mmeliona hilo. Taa ya mlango wa nyuma imekufa, naye hawezi kula chakula akijua kuna taa imekufa. Kwa kuwa jimbo hili halimtambui, hata taa ya sherehe yake mwenyewe haruhusiwi kuigusa bila mwenye leseni, basi Garrett ametoka naye akamshikie ngazi. Garrett ana miaka ishirini na mitatu. Simlaumu, ni mtu mzuri. Juzi nilimsikia mwenyewe akimwambia baba, "Mzee, mimi nasaini tu. Ukishafunga paneli naifungua kidogo nione ulivyofanya, nijifunze." Baba akamjibu, "Fungua, kijana, ila urudishe skrubu zote. Jana ulibakiza moja mfukoni."

Basi nitumie nafasi hii, na Kiingereza hiki cha shuleni ambacho baba hukifuata nusu nusu, kusema yaliyonikaba.

Baba alikuwa fundi mwenye leseni kule kusini, bonde la Rio Grande, kwa miaka kumi na saba. Amefanya wayaringi ya zahanati, ya shule mbili, na ya ghala la kupakia machungwa ambalo taa zake unaziona kabla hujauona mji. Kisha bibi, mamake mama, akapooza upande mmoja akiwa huku, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumgeuza kitandani. Tukaendesha gari siku mbili. Leseni ya baba alikuja nayo imefungwa kwa nailoni, kifuani. Ilipovuka mpaka wa jimbo, ikawa karatasi.

Nauliza, na walioko meza ya mbele wanijibu kama wanajua: umeme ukivuka mpaka hubadilika tabia? Kuna jimbo ambako umeme hugonga hodi kabla ya kumrusha mtu? Kwa nini fundi awe fundi mahali pamoja, na akiendesha gari siku mbili awe mbeba nyaya? Majimbo mengine yamepatana, leseni ya huku inakubalika kule. La kwetu na la huku hayajapatana. Mengine yanatumia toleo hili la kitabu cha kanuni za umeme, mengine toleo la zamani. Mengine yanataka saa za kazi kiasi hiki, mengine kiasi kile. Nilikaa maktaba nikajaribu kuyachora yote kwenye ramani moja, kila jimbo na rangi yake. Rangi ziliniishia.

Baba hakulalamika. Alipewa ruhusa ya kufanya mtihani mara moja, mara moja tu, bila kuanza upya. Akifeli, jimbo litamhesabu kama mwanagenzi: miaka minne, chini ya mwenye leseni. Ana miaka arobaini na saba.

Ninyi mnaujua mtihani ule. Mnaruhusiwa kuingia na kitabu, kwa sababu hakuna binadamu anayeyashika kichwani majedwali yale. Anayefaulu ni anayejua kufungua ukurasa upesi. Basi kila Jumapili baada ya misa tuliketi mezani na kitabu kipya cha toleo la huku, baba na mimi. Kazi anaijua kwa Kihispania, tena kwa mikono. Mtihani uko kwa Kiingereza. Nikawa naandika pembeni, kwa kalamu ya bluu, maana ya kila neno lililomsumbua. Nilianza na machache. Nikaona anavyofurahi, nikaendelea. Nilipofika mwisho nilikuwa nimeandika karibu kila ukurasa. Sijawahi kuwa na umuhimu kiasi kile kwa mtu yeyote.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe ikaja barua. Nyumbani kwetu barua za Kiingereza nasoma mimi. Baba alikuwa anakula. Akasema, "Haya, wakili wangu, wanasemaje?" Nikasoma: afike saa mbili, aje na kitambulisho, penseli zipo hapo hapo. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja: kitabu chenye mwandiko wowote wa mkono hakitaingizwa ukumbini.

Niliusoma kimoyomoyo mara tatu. Mbele yangu baba alikuwa anachovya mkate kwenye maharage, ananisubiri. Kusema kungekuwa rahisi. Siku saba zilitosha kupata kitabu kingine, kitupu, na mimi ningekuwa msichana aliyeharibu cha kwanza. Nikajiambia hakuna atakayekagua. Nikaikunja barua, nikasema, "Ni hayo tu, Papi."

Nilikwenda naye. Mama alibaki na bibi. Mlangoni alikuwepo mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akakifungua kitabu, akakifunga.

"Bwana, hiki hakiingii."

"Ni chenyewe, mama. Toleo lenyewe, angalia."

"Naona. Lakini kimeandikwa kwa kalamu."

Baba akatabasamu. Akaninyooshea kidole pale nilipokaa kwenye benchi. "Ameandika binti yangu yule. Anajua lugha zote mbili."

Aliyasema kwa majivuno, jamani. Mama yule akanitazama, na nadhani alielewa, maana sauti yake ilishuka. "Barua ilieleza, bwana. Samahani."

Baba akageuka kuniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Akarudi mlangoni akasema, "Basi kosa ni langu, sikuuliza vizuri," akaingia mikono mitupu.

Alipungukiwa na alama nne. Nne! Bila kitabu! Ninyi wenye leseni mnaocheka pale nyuma, nani kati yenu angepata hata nusu?

Tangu siku ile baba anajisema vibaya. Mnamsikia kazini. Bwana Oglesby, wewe humtania, "Anselmo, umeme wa kwenu unatembea kwa Kihispania, ama nini?" Zamani alikuwa anakujibu, "Hapana bosi, unatembea kwa adabu, ndiyo maana sijaunguza jengo la mtu." Siku hizi anakwambia, "Acha tu, bosi, kichwa changu kimezeeka." Nyumbani akimsikia mama anamtetea, husema, "Ofelia, mtu mzima anayeshindwa hata kuulizia masharti ya mtihani anastahili kubeba nyaya." Anasema hivyo huku ananipitishia chumvi. Na mimi naipokea.

Kesho anarudi kusini peke yake, ambako karatasi yake bado ni leseni. Bibi hawezi kusafirishwa. Mama hawezi kumwacha. Mimi nina shule. Hatujui ni kwa muda gani. Watu wazima wakisema "tutaona" mimi najua maana yake. Na haya ninayowaambia hayambakizi. Nilikwishaandika kwa ofisi inayohusika nikieleza kila kitu, nikajibiwa kwa mistari miwili kwamba ruhusa ilikuwa ya mara moja. Hakuna dirisha jingine la kugonga, nimetafuta.

Kwa hiyo sina la kuwaliza wala la kuwachekesha, Bwana Oglesby. Ninalo ombi. Mtakapomkumbatia leo msimwambie "bahati mbaya." Msimwambie "usijali, mtihani ni mgumu." Mwambieni kwamba ni fundi. Garrett anajua. Ninyi nyote mnajua, na mna leseni za kuthibitisha kwamba mnajua.

Nasikia buti kwenye korido. Naona mnavyogeuka, mnazifahamu. Karatasi hii ya hotuba nimeilalia wiki nzima, na tangu nifike nimeifunika kwa sahani kila alipopita karibu yangu. Hata sasa vidole vyangu vimeanza kuikunja vyenyewe.

Naiacha wazi.

Baba, ingia. Mwachie Garrett ngazi. Hapana, siumwi, wala si baridi inayoniliza. Njoo ukae hapa mbele, karibu na mama, kwa sababu nitayasema haya yote tena, kwa lugha ya nyumbani, na watu hawa watakuwa mashahidi wangu nisikimbie. Safari yako ni ndefu, na ni afadhali uende umenikasirikia mimi kuliko uende unajidharau mwenyewe.

Ninyi wengine mmenivumilia kuliko nilivyostahili. Nawashukuru kwa kunisikiliza.

Papi, ile barua.