Josias Ntambwe na minute mbili ya train

Bandugu, bakwe, barafiki, na weye Tata Sadrack Beya pale ku kiti ya mbele: musikilize.

Tata Josias Ntambwe alizaliwaka Kasaji, tarehe 14 avril 1958, mutoto ya ine ya Tata Mulumba, muntu ya kazi ku reli, na Mama Henriette Mbuyu. Nyumba yabo ilikuwa karibu sana na reli. Train ikipita, bote bananyamaza, kijiko mu mukono, kiisha banaendelea fasi baliachia.

Alisoma Kasaji, kiisha Kolwezi mpaka quatrième. Diplôme hakupata. Tangu 1979 alikuwa kalani ku dépôt moja, njia ya Kingamyambo. Kila samedi alifundisha bantu théâtre mu salle ya paroisse.

Tarehe 6 août 1983 alioa Mama Angèle Kisimba. Alibeba matela, godoro ya ndoa, ku kinga, baiskeli yake, Kasaji mpaka Kolwezi, siku tatu. Yomba ya Angèle, kaka ya mama yake, akamuuliza: «Ulilalia ile matela mu njia?»

«Hapana, tata.»

«Sasa unajua namna gani kama iko muzuri?»

Akamulalisha ku ile matela pale inje, mbele ya bakwe bote.

Mu 2011 ile mambo ikakuwa film, Matela. Josias aliandika na akacheza. Sadrack, rafiki yake, alishika camera. Yomba anaanza kumutukana bwana-arusi: «Weye ni...» na train ya shaba inapita. Josias alikataa bakate ile fasi. Banaangaliana minute mbili, kinywa wazi, mpaka wagon ya mwisho. Kiisha yomba anamaliza: «...mushenzi.» Kolwezi yote iko na ile film mu telefone.

Mu 2021 aliigeuza théâtre, miezi saba, mu cahier, na mukono yake mwenyewe. Alimupatia Sadrack asome tu. Juin 2022, affiche ikatoka: «Matela, ya Sadrack Beya.» Josias akaenda kwake.

«Sadrack, jina yangu iko wapi?»

«Ee tata, affiche ilikuwa kidogo.»

Josias hakumushitaki. Alienda kuangalia ile théâtre, akakaa nyuma. Sadrack alikata train; alisema ku scène hakuna reli. Yomba akatukana mara moja, akamaliza. Kiisha mama moja mu salle akaanza kufanya train na kinywa, tuku-tuku, mwingine akafuata, mpaka bantu mia tatu, minute mbili nzima. Ba acteurs bakangoja. Kiisha salle yote ikasema «mushenzi», na bote balikuwa banaangalia Sadrack.

Mafigo ilianza kumusumbua Josias janvier 2024. Ku lupitalo aliomba cahier yake mara tatu. Sadrack hakuileta. Basi Josias alituita sisi bajukulu, akatufundisha ile scène bila karatasi, yeye mu kitanda. Alikufa tarehe 9 mars 2025, asubui, Angèle anamushika mukono.

Bote munajua: ku kilio sisi bajukulu tunaweza kucheka kila muntu, na muntu hawezi kukasirika, hawezi kutoka. Tata Sadrack, ile kiti haikutoka kwa familia. Josias mwenyewe alikuchagulia. Matela iko tayari, pale karibu na sanduku.

Anaacha Mama Angèle. Batoto ine, Blandine, Dady, René na Jémima. Bajukulu kumi na moja. Na cahier moja ku nyumba ya muntu. Ku hii karatasi tuliandika: Josias Ntambwe, mwenye Matela. Nafasi ilipatikana.

Tata Josias, lala na amani yako yote.

Na weye, Tata Sadrack, weye ni...

Bandugu, train.