Benchi Lisilokuwa Kwenye Mchoro

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Madamu Mwenyekiti wa Kamati ya Bustani, maafisa wa ofisi zote mliofika, wachungaji wetu, ndugu wageni waalikwa mliotoka Mwatate, Bura na kule juu Werugha, wazee wangu na mama zangu mlioketi chini ya hema, na nyinyi wenzangu wa mjengo mliosimama kule nyuma juani kwa sababu viti vimeisha: hamjambo?

Naitwa Kitonga. Mimi ni mwashi. Kwetu ni Mutomo, kule Kitui, na shule niliiachia darasa la sita, kwa hivyo nikikosea kutaja cheo cha mtu, anisamehe, sikukusudia. Bwana Festus, msimamizi wetu, aliniambia jana, "Kitonga, wewe ndiye mkubwa wa mafundi. Utasimama, utasema asante kwa niaba ya wenzako, halafu utakaa." Nimesimama. Asante nitaisema. Hilo la kukaa ndilo linalonisumbua, na ninaomba mnivumilie kidogo nilieleze.

Kwanza asante. Nawashukuru wenzangu. Tumekaa Voi miezi saba, tumechimba ardhi hii nyekundu ambayo haitoki kwenye nguo hata ukifua mara tatu, na hakuna hata mmoja aliyeacha kazi njiani. Nawashukuru akina mama waliotupikia. Nawashukuru watu wa Voi waliotupokea wageni, wakatupa vyumba na maji, na wakatutania kila siku kwamba Wakamba wametoka kwao kuja kuwajengea Wadawida mahali pa kupumzika. Tumecheka nanyi, na tutawakumbuka.

Sasa tuongee ukweli.

Pale langoni tumeandika kwa herufi kubwa, na herufi hizo nimezichonga kwa mkono wangu: BUSTANI YA WAZEE. Mheshimiwa, nakuomba ugeuke utazame. Wazee wako wapi? Wako chini ya hema, kwenye viti vya plastiki vilivyoletwa na lori asubuhi. Na mabenchi yako wapi? Hayo hapo, kumi na manane, yamepakwa rangi ya kijani, yamefutwa vumbi, na hakuna mzee hata mmoja aliyeketi. Msidhani ni adabu inayowazuia. Msidhani wanangoja utepe ukatwe. Hawakai kwa sababu wakikaa hawainuki. Wao wanajua, mimi najua, na aliyeagiza viti vya plastiki naye alijua, maana kama hakujua, aliviagiza vya nini?

Niwaeleze ilivyokuwa, na nianze na kosa langu mwenyewe ili mtu asiseme Kitonga analaumu wengine tu. Mchoro ulisema benchi liwe inchi kumi na nne kutoka chini, halina mgongo, halina pa kushika. Nikajenga la kwanza. Nikaweka pima maji, likawa sawa. Nikaketi juu yake, nikainuka, nikamwambia Bwana Festus, "Liko sawa." Nani aliketi? Mimi, mtu wa miaka arobaini na sita anayebeba mfuko wa simiti begani kuanzia saa mbili asubuhi. Nilipima benchi la wazee kwa magoti yangu. Hilo ndilo kosa langu, na nimelibeba hadi leo.

Kuna mzee mmoja ambaye wengi wenu mnamjua, Mzee Zephaniah Mwadime. Ni mtu wa Bura, lakini alifanya kazi ya reli hapa Voi maisha yake yote, na ana miaka themanini na mmoja. Tangu tulipoanza kuchimba msingi, alikuwa anakuja kila asubuhi na bakora yake, anaketi juu ya mawe yetu ya kujengea na kutukosoa. "Kijana wangu, hiyo kamba yako imelegea." "Kijana wangu, hilo jiwe ungeligeuza upande mwingine." Mwanzo alitukera. Baadaye, siku akichelewa, kazi haikuwa na ladha.

Basi benchi la kwanza likakauka, nasi tukasema Mzee ndiye wa kulizindua. Tukapiga makofi. Akaketi. Akatusifu. Akakaa robo saa hivi, kisha akataka kuinuka aende. Akajaribu. Akajaribu tena. Akatafuta pa kushika, hapakuwa na kitu. Makofi yaliisha hapo. Mimi na fundi mwenzangu Mutinda tulimshika makwapani, tukamnyanyua kama mfuko. Akarekebisha koti lake, akaniangalia, akasema, "Kitonga, umenijengea mtego." Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Siku nne hakuja. Siku ya tano nikaenda kwake. Nikamkuta ameketi nyuma ya nyumba, anatazama ukuta wa jirani. Nikamwambia, "Mzee, tumekukosa." Akanijibu, "Nitakuja kufanya nini huko? Benchi haliniumi. Kinachoniuma ni kunyanyuliwa mbele ya watu. Nyumbani nikishindwa kuinuka, anaona mke wangu peke yake." Nilikaa naye kidogo, nikarudi. Mtu aliyepitisha magari ya moshi ya mchana na usiku bila kukosea, leo anafungiwa nyuma ya nyumba na inchi nne za simiti zilizopungua.

Nikamwendea Bwana Festus. Nikamwambia, "Bwana msimamizi, haya mabenchi ni mafupi." Akaniambia, "Mchoro umepigwa muhuri." Nikamwambia, "Muhuri haukai kwenye benchi." Akaniambia nirudi kazini. Simlaumu sana, naye ana wakubwa wake. Alipiga simu kwa Kamati mbele yangu, na jibu likaja: maoni ya wazee yalichukuliwa, na majina yao yako kwenye faili na sahihi zao. Hapo mimi nikarudi kazini. Nikajisemea, kama wazee wenyewe walikubali, mimi ni nani?

Halafu nikamuuliza Mama Gertrude. Yuko pale mbele, mwenye kitambaa cha buluu. Yeye binti yake alimteremsha kutoka Werugha kwa sababu magoti yake yamekataa vilima. Nikamuuliza, "Mama, kwani ulikuwa kwenye mkutano wa maoni?" Akasema, "Nilikuwa, mwanangu." "Mlisema nini?" Akasema, "Tuseme nini? Mkutano ulikuwa orofani. Sisi tulibaki chini kwenye ngazi. Karatasi ya mahudhurio ikateremshwa, tukatia sahihi, ikapandishwa. Baadaye zikateremshwa soda."

Ndugu wageni waalikwa, naona mnacheka, na mimi nilicheka siku hiyo. Lakini fikirini kidogo. Mkutano wa kuwauliza wazee jinsi miguu inavyowasumbua ulifanywa mahali ambapo miguu yao haiwezi kufika, na hakuna mtu kule juu aliyejiuliza mbona karatasi ina majina thelathini na chumba kina watu tisa. Sasa hivi kwenye faili imeandikwa kwamba Mama Gertrude anapenda inchi kumi na nne. Hajaulizwa. Alipewa kalamu na soda.

Na si mabenchi peke yake. Choo tumekijenga kizuri, kina vigae, lakini kiko kona ya mwisho, hatua mia mbili na kumi kutoka langoni. Nimezihesabu mwenyewe. Mzee akihisi haja, atembee hatua mia mbili na kumi kwenye kokoto zinazoteleza chini ya bakora? Bomba la maji ni lile la kubonyeza, na lazima ulibonyeze kwa nguvu huku umekinga kikombe, na mkono unaotetemeka hauwezi kazi mbili. Langoni tumesimika nguzo za chuma kuzuia bodaboda. Bodaboda zinapita katikati yake bila kupunguza mwendo. Aliyekwama Jumatatu ni Mama Lois na kile kiti chake cha magurudumu. Na mabenchi yote kumi na manane yanatazama maua, yameipa barabara mgongo. Nilimuuliza Mzee Zephaniah juu ya hayo maua. Akasema, "Maua nayajua. Mimi nataka kuona watu. Nataka kujua nani amerudi kutoka Mombasa, nani amenunua ng'ombe, nani hasalimiani tena na nani."

Je, haya yalihitaji shule kubwa? Mimi nimeishia la sita. Yalihitaji mtu mmoja ashuke ngazi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, kwa sababu naona Bwana Festus ananionyesha saa.

Wiki mbili zilizopita nilimwomba Mzee Zephaniah arudi. Nikamwambia, hutakaa kwenye mtego, kaa kwenye mawe yako. Akaja, akakaa juu ya mawe matatu yaliyopangwa, na alipomaliza kutukosoa aliinuka mwenyewe kama kawaida. Nikaweka chini mwiko wangu wa simiti. Miezi yote ile mzee alikuwa anaketi na kuinuka mbele ya macho yangu, mawe matatu, inchi kumi na nane, na mimi natazama karatasi. Nikamwomba bakora yake. Nikaisimamisha kando ya goti lake, nikakwaruza alama kwa msumari. Nikamwambia akunje mikono, nikakwaruza alama ya pili, pale viwiko vinapotaka kuegemea. Bakora hiyo ndiyo ilikuwa mchoro wangu.

Nikajenga benchi la kumi na tisa. Mnaliona pale, kando ya lango, kwenye kivuli cha tangi la maji, linatazama barabara. Lina mgongo. Lina mikono miwili ya kushika, na nimezisugua ncha zake kwa jiwe mpaka hazikwaruzi. Chini yake nimeacha nafasi, kwa sababu mtu akitaka kuinuka hurudisha miguu nyuma kwanza, na yale mengine yamezibwa hapo. Halijapakwa rangi. Niliambiwa rangi ni ya mabenchi yaliyo kwenye mchoro.

Jana jioni niliagizwa nilivunje. Sikuambiwa ni baya. Niliambiwa halimo kwenye mchoro, na picha za leo zitaonyesha mabenchi hayalingani. Nyundo kubwa imeegemezwa pale kwenye tangi, mnaiona. Nilikuja saa moja asubuhi na mawazo mengi, kwa sababu mimi ni mtu wa kuagizwa, na nikikataa kazi hapa, msimamizi wa pale nitakapokwenda atasikia. Nilikuta Mzee Zephaniah ameshaketi. Amevaa koti la reli, na vifungo amevipiga rangi ya kiatu. Nikamwambia, "Mzee, wameniambia nilivunje." Akaniambia, "Basi anza. Mimi nitakuambia kama unapiga vibaya."

Aliletewa kiti cha plastiki akakikataa. Ndiyo maana kule hemani kuna kiti kimoja kitupu mstari wa mbele, chenye karatasi ya jina lake.

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mimi sina ombi la makuu. Tunaondoka Ijumaa. Mawe yamebaki, yako nyuma ya stoo. Simiti imebaki. Mafundi wako hapa, na wote wamekubali. Kuongeza tabaka la inchi nne kwenye yale kumi na manane, kuyapa mikono na kuyageuza machache yatazame barabara, ni kazi ya siku tatu kama hatutasimamishwa. Choo siwezi kukihamisha, lakini kokoto tunaweza kuziondoa tukatandika matofali ya kabro, na nguzo mbili za lango naweza kuzing'oa kabla hujamaliza chakula. Tunachokosa ni mtu mwenye cheo atakayesema, "Fanyeni." Ukikata utepe leo ikawa imekwisha, sisi tutatawanyika, nawe utarudi kwenye kazi zako nyingi, na Mzee atarudi nyuma ya nyumba kutazama ukuta. Ukiona ninatia chumvi, nakuomba kwa heshima: kabla ya kukata, kaa kwenye benchi lolote la kijani, kunja mikono kifuani, uinuke.

Kwetu Mutomo nina baba. Huketi mlangoni juu ya mtungi wa maji wa plastiki alioupindua, kwa sababu mwanawe fundi anajengea watu wengine. Hajawahi kunilalamikia. Hawa wa hapa nao hawalalamiki. Wao huacha tu kuja, na sisi tunasema wazee hawapendi kutoka.

Nimemaliza. Nyundo ni ile pale, na mimi sitaishika. Anayetaka kuishika, njia iko wazi.

Naona Mzee ananiashiria kwamba nimeongea sana, na anataka kuja hapa mbele. Tafadhali, mtu asimshike mkono. Wewe kijana wa itifaki, rudi, mwache. Naomba mumtazame tu, nyote, na wewe Mheshimiwa. Anarudisha miguu nyuma. Ameshika. Mwacheni.

Haya. Amesimama.

Hayo ndiyo niliyotaka kusema. Mungu awatunze, na asanteni kwa kunisikiliza mpaka hapo.