Nguzo Alizohesabu Ousi Alwina

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi ya leo Henties Bay imeamka bila kuiona bahari yake. Baridi ipo, ukungu upo, na nina jina moja la kuwatajia. Alwina Gawises. Nalirudia kwa ajili ya mnaowasha redio sasa hivi huku mkitafuta viatu. Alwina Gawises, mliyemwita Ousi, yaani Dada Alwina, alifariki tarehe kumi na nne mwezi wa sita, nyumbani kwa dada yake, mtaa wa Omdel. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Miaka ishirini aliwasomea hali ya hewa ya pwani kwenye redio hii. Miaka kumi na mmoja iliyofuata, redio hii haikumruhusu kupita getini.

Leo tunamkumbuka. Sitawaficha, kumbukumbu hii si tamu.

Alwina alizaliwa Okombahe, akaletwa pwani angali mgongoni. Baba yake, mzee Gotlieb, alikuwa mjenzi wa barabara za chumvi. Alimwaga maji ya chumvi juu ya udongo, akashindilia, jua likamaliza kazi. Jioni aliwaambia wanawe, "Barabara hii ni kipande cha sabuni. Ikikauka, ishike utakavyo. Ikilowa kidogo tu, hamjuani."

Mwaka themanini na nane Alwina aliajiriwa hapa redioni kufagia. Hakuwa na cheti. Alikuwa na sauti nzito, ya pole pole, na kila asubuhi alipokuwa akipiga deki alimsikiliza msomaji wa habari na kumrekebisha kwa kunong'ona. Mwaka tisini na nne msomaji huyo aliamka hana sauti. Akamvuta Alwina kwa mkono, akamkalisha kwenye kiti. Fagio likabaki mlangoni. Tangu siku hiyo hakulishika tena, na siku zote aliogopa kulirudia. Shikeni neno hilo, wasikilizaji wapendwa. Aliogopa kulirudia.

Karatasi ya hali ya hewa ilitoka Windhoek. Ilikuwa na mikoa yote, na sisi wa pwani tulikuwa mstari wa mwisho: ukungu wa hapa na pale. Kipupwe, kiangazi, ukungu wa hapa na pale. Watu waliacha kuusikia mstari ule kama mtu anavyoacha kusikia jokofu lake mwenyewe. Alwina akaona haufai. Kabla ya kusoma, alimpigia simu Jafet, mchota chumvi anayekaa kando ya barabara ya kaskazini, jirani na nguzo za simu. Jafet yupo, na mazungumzo yale anayakumbuka hivi:

"Abuti Jafet, kaka yangu, unaona nguzo ngapi?"

"Ngoja nivae suruali kwanza, Ousi."

"Sijakuuliza suruali. Nguzo."

"Tatu. Ya nne naiona kwa imani."

"Basi nasema tatu. Imani baki nayo mwenyewe."

Ndivyo ilivyoanza. Saa kumi na mbili na dakika arobaini, kila asubuhi, Ousi Alwina alisoma karatasi ya Windhoek, kisha akasema, "Na nguzo leo ni tatu." Mji mzima ulielewa. Nguzo kumi, nenda. Nguzo tano, washa taa. Nguzo mbili, rudi kitandani, mwajiri wako naye ana masikio. Akina mama waliwauliza wachumba wa binti zao, "Umekuja na nguzo ngapi?" na kijana aliyesema mbili alihesabiwa kuwa ama anapenda kweli, ama hana akili.

Sasa nafika Jumamosi ya mwezi wa saba, mwaka elfu mbili na kumi na nne.

Ule upepo wa mashariki, mnaujua. Unatoka jangwani katikati ya kipupwe, unausukuma ukungu mpaka baharini, na kwa saa chache pwani yetu inakuwa jiko. Siku hiyo saa kumi na mbili asubuhi watu walikuwa tayari wamevua makoti. Jafet alihesabu nguzo mpaka zikamwishia. Na siku hiyohiyo kulikuwa na sherehe kubwa ya ufukweni, Maili 72. Redio hii ndiyo iliyoiandaa. Wiki tatu tulikuwa tukiwaita watu waje na nyama zao na watoto wao.

Karatasi ya Windhoek ilisema: pwani, anga safi, nyuzi thelathini na nne. Alwina aliisoma kimoyomoyo, akatoka nje, akaiangalia bahari. Mbali, juu ya maji, palikuwa na utepe mweupe. Akarudi ndani, akaandika mistari mitatu chini ya karatasi kwa mkono wake.

Meneja wetu wa wakati ule, Bwana Titus Nowaseb, aliichukua karatasi na kuisoma akiwa amesimama.

"Ousi, hii nini?"

"Hali ya hewa, Bwana Titus."

"Hali ya hewa imeishia hapa juu. Hapa chini ni ndoto zako."

"Upepo huu hautafika jioni. Ukifa, ukungu unarudi kwa mbio. Barabara italowa, na watu watakuwa huko na pombe kichwani."

"Watu wanataka jua. Mungu kawapa jua, wewe unataka kuwanyang'anya?" Akatoa kalamu nyekundu, akaipitisha kwenye mistari yote mitatu, akatia saini ya herufi mbili pembeni. Kisha akasema kwa upole kabisa, kama anayemshauri dada yake, "Fagio bado lipo stoo, Ousi."

Alwina aliketi. Taa nyekundu ikawaka. Akasoma: pwani, anga safi, nyuzi thelathini na nne. Akasema, "Na nguzo leo hazihesabiki." Huo ulikuwa ukweli, kwa saa ile.

Saa saba mchana upepo ulikufa. Saa nane ukungu ulikuwa umepanda ufukweni kama ukuta. Saa tisa na nusu, kwenye barabara ya chumvi itokayo Maili 72, gari dogo la mizigo liliteleza likakutana na lori. Walifariki wawili. Sesilia Uises, miaka ishirini na minne, mfungashaji wa samaki. Na mwanawe Dantago, miaka miwili.

Jumatatu watu walikuja getini. Mbele yao alikuwa mama yake Sesilia, Mama Engeline Uises. Aliuliza swali moja tu. "Nani aliwaambia wanangu anga ni safi?"

Bwana Titus alitoka nje akajibu mbele ya wote, "Mama, kila msomaji anawajibika kwa anachokisoma." Kalamu nyekundu hakuitaja. Alwina alikuwa amesimama nyuma yake. Naye hakuitaja. Wiki hiyo aliondolewa, na hata fagio hakupewa.

Dada yake, Erastine, ametusimulia yaliyofuata. "Alikwenda kwa Mama Engeline, akamweleza habari ya kalamu nyekundu. Mama yule akamwambia, 'Mwongo hakosi kalamu.' Akafunga mlango. Basi Alwina akawa anaiandikia redio barua kila mwezi wa saba. Barua kumi na moja. Nikamwambia, mdogo wangu, waache, unataka wakutakase? Akanijibu, 'Sitaki waseme sina kosa. Kosa ninalo. Nataka waseme tulikuwa wawili.'"

Barua hizo tumezipata, wasikilizaji wapendwa. Zilikuwa kwenye droo ya ofisi yetu. Kumi na moja. Tisa hazikuwahi kufunguliwa.

Mjini hakuponyoka. Dukani watu walimpisha foleni, si kwa heshima, bali wasisimame karibu naye. Watoto waliozaliwa baada ya ajali walimfuata nyuma wakiimba, "Bibi Nguzo, leo ngapi?" Aligeuka, akawajibu idadi sahihi, akaenda zake. Jafet anasema simu yake haikuacha kuita asubuhi hata siku moja. "Nilimwambia, Ousi, unamsomea nani? Akasema, 'Wewe hesabu tu.'"

Tulimpigia Bwana Titus, ambaye sasa amestaafu. Alisema mambo hayo yamepita, na kwamba anawaombea marehemu wote.

Kwenye mazishi Mama Engeline alikuja. Hakuingia kanisani. Alisimama nje ya uzio wa makaburi mpaka kaburi likajazwa. Erastine akamfuata na ile karatasi ya kalamu nyekundu, ambayo Alwina aliitunza ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa. Mama Engeline aliisoma yote, mpaka saini ya pembeni. Kesho yake alikuja hapa redioni mwenyewe. Kipindi hiki si wazo letu. Ni yeye aliyekidai.

Alituambia hivi, na ameruhusu tuyaseme. "Simsamehe Alwina. Angesoma. Angepoteza kazi, mimi ningekuwa na mtoto na mjukuu. Lakini miaka kumi na mmoja mmenifanya nimchukie mtu mmoja peke yake, na chuki ile ilikuwa ya watu wawili. Mmenidhulumu hata hasira yangu. Semeni."

Basi tunasema. Mistari iliyofutwa siku ile ilikuwa hii: "Upepo wa mashariki utakufa mchana. Ukungu utarudi na barabara ya chumvi italowa. Mlio Maili 72, ondokeni kabla ya saa sita, au laleni hukohuko." Aliiandika Alwina Gawises. Aliifuta meneja wa redio hii. Walikuwa wawili. Na sisi tuliojua tukanyamaza, tuhesabuni wenyewe.

Kwa familia ya Gawises, poleni. Kwa familia ya Uises, poleni, kwa kuchelewa kunakotutia aibu. Nawe msikilizaji, ikiwa leo umepewa karatasi uisome na ndani yake kuna mstari uliofutwa, fikiria ni nani yuko njiani anakusikiliza.

Jafet anasema nguzo ni mbili. Msiondoke.