Mpira Alioufuata Généreuse

Risala ya wafugaji na wauza maziwa wa Kirolirwe, pamoja na majirani zao wa Mushaki na Kalembe, kwa Madame Adelaïde, Présidente wa mashindano ya tenisi ya Bukavu. Imesomwa na Mama Agathe Kanyange, mwezi wa tano, 1957.

Mgeni rasmi, Madame Présidente, Padri wetu, Sista Joséphine-Marie, wazee, papa na mama, na ninyi watoto mliopanda juu ya ua ambao tuliwakataza kupanda:

Karibu kwetu

Tunakukaribisha Kirolirwe kwa mioyo yetu yote. Tunajua umekuja kugawa zawadi za watoto wa masomo, wala hukuja kwa ajili yetu sisi wenye harufu ya ng'ombe. Lakini tangu jana habari imezunguka kutoka Mushaki mpaka huku kwamba Madame wa tenisi anapita, na kwamba anasema Kiswahili chetu bila kuhitaji mtu wa kumtafsiria. Ndiyo sababu unaona uwanja umejaa hivi. Wengine hapa wameacha ng'ombe na mbwa peke yake. Tunakuomba utuvumilie kidogo tu, maziwa yanakuja.

Tenisi ilivyofika huku

Mgeni rasmi, usishangae kwamba watu wa milimani wanajua tenisi. Kulikuwa na mzungu wa shamba aliyerudi kwao, akaacha raketi moja na mpira mmoja. Mpishi wake, Papa Callixte Kabera, ambaye leo anaendesha kamio, lori la maziwa, alivileta kwa masista kwa sababu mke wake alikataa vikae ndani ya nyumba. Sista Joséphine-Marie akachora mistari kwa majivu kwenye malisho ya Mzee Kanamugire. Ng'ombe walikuja kulamba majivu, tukachora tena.

Wavu ulikosekana. Hapo akatokea Isidore, mwindaji wa Kalembe, ambaye kwao msituni wanafunga nyavu za kunasa swala. Alitufungia wavu mzuri kabisa. Kazi ile ilimchukua muda mrefu kuliko ilivyostahili, na mama wengi walisema hakuwa anaangalia wavu, alikuwa anaangalia binti wa jirani yetu Rukara. Leo wana watoto, kwa hiyo hatutasema zaidi. Raketi ya pili tuliichonga sisi wenyewe, nyuzi zake ni utumbo wa ng'ombe, na inapiga kelele kama paka.

Sasa tunakuomba usikilize vizuri hapa, Madame, kwa sababu habari yetu yote inasimama hapa. Mpira ulikuwa mmoja. Na malisho ya Mzee Kanamugire, unayaona mwenyewe pale nyuma yako, yameteremka mpaka kwenye bwawa la mafunjo. Mpira ukipita mistari, hausimami. Kwa hiyo tuliweka sheria: aliyeutupa ndiye anayeufuata. Anaweka raketi chini, anamwambia mwenzake "ningojee," anateremka, anatafuta, anarudi. Wengine wote wanakaa chini. Hakuna kuondoka, hakuna kuhesabu kitu, hakuna kusema fulani ameshinda mpaka aliyeteremka amerudi na mpira mkononi. Mama wanasukasuka maziwa yao na kuongea habari za watu. Ndiyo maana mchezo wetu ni mrefu kuliko wenu, na hapa kwetu hakuna habari isiyojulikana.

Mtu akizembea kuufuata, anazomewa. "Wee njo ulimurusha, wee njo utaenda kumuokota! Ao unangoja mama yako?" Mtoto wa Kirolirwe anaijua sheria hii kabla ya kujua sala ya jioni.

Furaha yetu

Katika watoto wote, aliyetushinda sote ni Généreuse Mukakalisa, binti wa huyo Mzee Kanamugire mwenye malisho. Alianza kwa kushika raketi ya paka. Mikono yake ilikuwa tayari, kwa sababu tangu utoto alikuwa anasukasuka kibuyu cha siagi, huku na huku, bila kuchoka. Hasemi sana. Akifurahi anauma mdomo wa chini. Akiuma mdomo wa chini, mpinzani wake ajitayarishe.

Mwaka uliopita Sista alimwandikisha katika mashindano yenu ya Bukavu, upande wa wasichana wadogo, kila mmoja peke yake. Tuliambiwa kwamba hakuna msichana wa kwetu aliyewahi kuingia pale isipokuwa kuokota mipira ya wengine. Komite yenu ilikubali. Hilo hatujalisahau, Madame, na leo tunasema asante mbele ya watu.

Papa Callixte aliwapeleka kwa kamio, Généreuse, Sista, na Mama Agathe huyu anayekusomea. Baba yake alisimama barabarani akashika mlango wa kamio kama anataka kuung'oa.

"Généreuse."

"Papa."

"Kule usituletee aibu. Ufanye vile tunafanyaka hapa."

"Ndiyo, Papa."

Basi alikwenda akafanya vile tunavyofanya hapa. Alimshinda msichana wa kwanza, akamshinda wa pili. Siku ya wa pili, watu weusi waliosimama nje ya ua wa waya walipiga kelele hata Mama Agathe akapoteza kitambaa chake cha kichwa, na mpaka leo hakijaonekana. Généreuse alikwenda kumwamkia kila msichana aliyemshinda kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo, nao hawakujua wafanye nini, wakakunja magoti pia. Watu wakacheka kwa upole. Ilikuwa siku nzuri.

Jambo lililotupata

Siku ya tatu alikutana na Mademoiselle Élisabeth, msichana mzuri, mwenye mkono mzito. Mchezo una sehemu tatu, kila mmoja alichukua moja. Ya mwisho wakawa sawasawa, wanakwenda bega kwa bega. Généreuse alikuwa ameuma mdomo wa chini. Ndipo akapiga mpira mmoja kwa nguvu ya siagi yote ya milima yetu ya Masisi, ukapita juu ya waya, ukaruka barabara, ukateremka upande wa ziwa.

Madame, wewe unajua pale uwanjani kulikuwa na sanduku zima la mipira chini ya kiti cha mwamuzi. Généreuse aliliona, lakini hakufikiri linamhusu. Kwake mpira ulikuwa ule ulioteremka.

Aliweka raketi chini. Akamgeukia Élisabeth, akasema, "Ningojee, dada." Akafungua mlango mdogo wa waya, akatoka.

Mwamuzi alimwita. Aliita tena kwa nguvu. Généreuse alisikia, akadhani anaambiwa afanye haraka, akakimbia zaidi. Watu wa viti vya mbele wakaanza kucheka. Mama Agathe hakuona cha kucheka. Alikaa chini kwenye majani, kama tunavyokaa hapa, akangoja. Hata Sista wetu, ambaye amekaa nasi miaka, alingoja kidogo kabla ya kushtuka na kukimbilia kwa mwamuzi.

Kule chini mpira ulikuwa umeingia katika shamba la maharage la mzee mmoja. Généreuse hakuingia tu. Alipiga hodi.

"Papa, naomba ruhusa. Mupira yetu imeingia mu maharage yako."

"Mupira ya nani?"

"Ya wazungu, Papa. Lakini mie njo nilimurusha."

"Na wako wapi, hao wazungu?"

"Wananingojea."

Mzee yule alimwangalia sana, halafu akashuka mwenyewe katika mistari yake ya maharage, wakatafuta pamoja. Waliuona. Généreuse aliupangusa udongo kwa nguo yake nyeupe, ile tuliyoichangia, akapanda mlima mbio.

Alipofungua mlango mdogo, mwamuzi alikuwa ameshashuka kwenye kiti chake kirefu. Élisabeth alikuwa amekaa, anachana nywele. Généreuse alisimama katikati ya uwanja, ameunyoosha mpira mbele kwa mikono miwili, anahema. Alingoja mtu aje aupokee.

Hakuna aliyekuja.

Ni Sista aliyemwambia kwamba mchezo umekwisha, kwamba mtu akitoka uwanjani bila ruhusa anahesabiwa ameuacha. Généreuse aliuliza neno moja tu: "Nimeuacha namna gani, na mimi huyu nimerudi?"  

Njiani hakulia. Papa Callixte alijaribu kumchekesha kwa habari za watu wa Sake, habari tamu kabisa, hakucheka. Walipofika, baba yake alikuwa barabarani palepale.

"Arbitri alikuita, wanasema. Juu ya nini haukurudi?"

"Nirudi na nini, Papa? Mupira ilikuwa ingali chini."

 Mzee alitazama malisho yake, akatazama bwawa. Halafu akauliza, "Ulimuona?"

"Iko hapa, Papa."

"Basi," akasema. Akamshika kichwa. Wakaingia ndani.

Hali ilivyo sasa

Mgeni rasmi, tangu siku ile Généreuse hajashika raketi. Anasukasuka maziwa, anakwenda misa, anatusalimu vizuri. Mpira ule ameuweka kwenye jukwaa la vyombo vya maziwa, ndani kabisa, mahali ambapo katika nyumba zetu mtoto hapeleki mkono na mgeni hapitishi mguu. Mpira wetu wa zamani umekwisha, umetoka manyoya yote ukabaki na upara, mwishowe ng'ombe akaukanyaga. Watoto walikwenda kumwomba ule wa Bukavu. Hata walilia. Aliwajibu, "Ule si wetu. Wenyewe hawajaupokea."

Kwa hiyo hapa kwetu hakuna tenisi tena. Mama wanakaa kila mtu kwake na maziwa yake. Hatujui hata nani ameposa wapi. Wavu wa Isidore umerudi Kalembe kunasa swala.

Na kuna jambo zito zaidi. Sista aliambiwa kwamba kwa kanuni zenu, aliyeacha mchezo hawezi kuingia katika mashindano yanayofuata. Hayo ni ya mwezi wa saba mwaka huu. Yakipita, ya mwaka kesho yatamkuta ameshavuka umri wa wasichana wadogo, na huko kwa wakubwa hakuna mlango wa mtu kama yeye. Na wachumba wameanza kumuuliza baba yake. Mzee Kanamugire anawapa pombe ya ndizi, anaongea nao habari za mvua, wanarudi kwao. Anangoja. Hasemi anangoja nini, sisi tunajua.

Tunaloomba

Tulipokaa kuandika risala hii watu walikuwa wengi, na kila mtu alikuwa na ombi lake. Rukara alitaka tuombe mipira. Mwingine akataka viatu. Tulibishana mpaka maziwa yakamwagika. Mwisho Isidore wa Kalembe akasema, "Tukimuomba mipira, atawaza tulimuita juu ya mipira."  Tukayafuta maombi yote hayo.

Hatuombi ule mchezo urudiwe. Mademoiselle Élisabeth alishinda, anapiga vizuri, mfikishie salamu zetu na umwambie siku akipita Kirolirwe asipite bila kunywa maziwa. Wala hatusemi mwamuzi alikosa. Alifuata sheria ya kwao. Na mtoto wetu alifuata ya kwetu.

Tunaomba kitu kimoja. Mwezi wa saba Généreuse aingie.

Yeye hajui kwamba tunakuomba. Angejua, angetukataza. Tulimwambia kwamba risala ya leo ni ya dawa za kupe, na kazi yake ni kukuletea maziwa. Ndiye yule pale karibu na lango, mwenye kibuyu, ambaye sasa anatutazama kwa macho makali kwa sababu ameshasikia jina lake. Binti yetu, utusamehe. Sogea tu. Usitazame chini. Baba yako yuko hapa, na mfukoni ana kile alichokichukua jukwaani asubuhi wewe ukiwa kisimani. Mzee, mpe.

Madame Présidente, anakuja kwako na maziwa na mpira. Maziwa unywe, hayo ni yako kama mgeni wetu. Mpira pia ni wako. Tazama, hauna doa, haujachezewa hata mara moja. Tangu mwaka jana ameunyoosha mbele kwa mikono miwili na hajapata mtu wa kuupokea. Tunakuomba uupokee. Kwa sheria ya hapa kwetu, aliyeteremka akirudi na mpira, wote wanasimama na mchezo unaendelea.

Sisi tumekaa chini, Madame, kama unavyotuona. Bado tunangoja.

Mungu akulinde barabarani mpaka Sake na ng'ambo ya Sake, akupe usingizi mzuri na nyumba yenye watu, asikukoseshe maziwa wala wa kunywa nao.

Ni sisi wako,
Wafugaji na wauza maziwa wa Kirolirwe, pamoja na watu wa Mushaki, na Isidore na wenzake wa Kalembe.